Sauti ya Mama Shati

Jumatatu, 6 Aprili 1959

Nimefagia. Nimemchana Anjelina nywele. Wasichana wa mwaka wa pili nimewapa hesabu za kutoa. Nusu wamekosea na sikuwa na nguvu za kukasirika. Mchana ugali wetu wa bukari na sombe, majani ya muhogo. Nimefua kitambaa cheusi na kukivaa kikiwa kibichi, maana ninacho kimoja tu. Miezi kumi tangu udongo umwangukie mume wangu Wilondja kule Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu. Imebaki miwili, matanga yaondolewe.

Bado sijalia.

Baada ya kengele Padri Enzo alikuwa amesimama mlangoni. Anataka mwanamke wa kusema sinema. Mashine inasema Kiitalia, watu wa hapa Baraka hawajui Kiitalia, kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya nguo nyeupe ya kuonyeshea picha na kusema Kiswahili. Mpaka sasa kazi hiyo ni ya katekista Yona. Anasema wanaume, wanawake, hata mbwa. Mwanamke wake hulia kama mbuzi, na mwezi uliopita watu walicheka mahali pa kusikitika. Nilimwambia Padri mimi ni mjane. Akasema ndani ni giza, hakuna atakayeona kitambaa. Nimekubali. Sijui kwa nini. Jioni zangu ni ndefu.

Jumatano, 8 Aprili

Niandike hili mara moja, nisilizungushe kichwani.

Siku ya kumzika Wilondja sikulia. Nilimpenda. Hakuwahi kunipiga, na akirudi kutoka machimbo alikuwa ananisaidia kumenya mihogo, watu wakamcheka. Walipomshusha kwenye kamio, lori la machimbo, nilisimama, nikasema mleteni humu ndani, nikaenda kutafuta masufuria makubwa. Siku tatu nilipikia waombolezaji. Macho makavu. Mama yake, Mama Nyasa, aliniangalia siku zote hizo. Na yeye si mtu wa kudanganywa kwa kilio. Kijijini kwao Lubondja, akifa mtu, yeye ndiye huitwa aanzishe kilio. Akifungua kinywa hata wapita njia hutua mizigo yao.

Wakwe walisema mwanamke asiyelia anajua kilichoua. Asukulu, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka kumchukua Anjelina siku ileile ampeleke kwao Lubondja. Akasema, «Mukono moja haikomeshake mutoto,» yaani mkono mmoja haukuzi mtoto. Mama Nyasa akasema wangoje. Mtoto akae nami hapa Baraka mpaka matanga yaondolewe, wakitazama mwenendo wangu. Halafu watakata shauri.

Anjelina ana miaka sita. Wakimchukua nitamwona sikukuu kwa sikukuu, mikono imekufa ganzi kwa jembe, ananiita shangazi. Hili ndilo jambo. Mengine yote ni kufagia.

Jumapili, 12 Aprili

Sinema saa tisa mchana, ukumbi wa shule. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ndani joto, jasho, watoto wanakanyagana.

Kisa chenyewe. Mwanamke ni dobi. Mume yuko vitani. Anafua nguo za watu na kungoja. Siku moja mwanajeshi anamletea shati la mumewe, basi, shati tu. Halii. Analifua. Analianika. Linapokauka anasimama chini yake, na hapo analia.

Nimesema vizuri, naona. Mahali pa kilio sikusema kitu. Padri aliongeza sauti ya mashine, tukamsikia mwanamke yule mwenyewe. Akina mama walilia naye.

Kuna mahali pawili, kabla mume hajaenda vitani, wanapobusiana. Padri huziba taa ya mashine kwa kofia yake, nami kazi yangu ni kujaza hilo giza. Mara ya kwanza nilisema, «Sasa banasalimiana.» Mara ya pili kofia ilikawia, nikasema, «Bangali banasalimiana.» Ukumbi ulicheka mpaka blanketi moja likaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja kofia itoke.

Jumatatu, 13 Aprili

Sokoni wananiita Mama Shati. Wanamwita yeye pia hivyo, yule wa kwenye nguo. Muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, amenipimia kopo lililojaa mpaka juu. Nimemshukuru.

Jumamosi, 18 Aprili

Padri ana sanduku la magazeti ya picha aliyotumiwa na dada yake. Amenisomea habari za mwanamke wa shati ili nimseme vizuri zaidi. Anaitwa Nella Tarvisi. Alizaliwa mji wa bandari. Mama yake alikuwa anapasua samaki kwa mshahara wa siku. Wakati wa vita walikula maganda. Vita vilipokwisha watu wa sinema walikuja kupiga picha kwenye nyumba zilizobomoka, naye akaajiriwa kuwachotea maji. Siku moja mchezaji wao mkubwa aliugua. Bwana wa sinema akamwambia yule wa maji, hebu pita hapo uani na ndoo yako. Akapita. Akaambiwa arudie. Akarudia mpaka jua likazama, na ndoo imejaa kila mara. Hivyo tu akawa mtu mkubwa.

Nimeuliza kama walimpa ndoo tupu angalau mara moja. Padri amecheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Jumapili, 26 Aprili

Sinema tena. Filamu imechakaa. Mahali pa kilio mashine ilitoa sauti ya mafuta yanayokaangwa, na watu wakapiga miluzi. Padri anasema sauti ya kipande hicho imekufa. Pentekoste watakuja watu kutoka Fizi, Lubondja, mpaka Ubwari kwa mitumbwi. Anasema siku hiyo nilie mimi mwenyewe. Nikamwambia siwezi kulia. Akafikiri naona haya.

Kuna kipande kingine cha filamu hiyohiyo chenye kilio hicho, ni kifupi mno kuungwa, ila sauti yake bado nzima. Atanipigia mchana nijifunze.

Alhamisi, 30 Aprili

Mara nane leo. Nimeshaijua. Pumzi tatu fupi, ya tatu inavutwa. Mkono mdomoni. Halafu sauti ndefu, inaanzia chini tumboni, inapanda taratibu, inakatika kabla ya kufika juu. Hiyo ndiyo inayoua watu, pale inapokatika.

Ukishika pumzi vizuri maji yanatoka yenyewe. Yametoka leo. Ndani sikusikia kitu. Ni kama kukata vitunguu.

Jumanne, 5 Mei

Padri amenisomea magazeti mengine. Nella aliolewa na bwana mkubwa mwenye majumba ya sinema. Huyo bwana alimchagulia magauni, chakula, nywele. Jina pia. Jina la kubatizwa ni Pasqualina, ila halikufaa kwenye matangazo ya ukutani. Sinema saba. Nyumba yenye ngazi za mawe. Watu walikuwa wanamngojea mlangoni ili wamguse nguo.

Halafu mama yake akafa, yule wa samaki. Nella akaenda kuzika. Wapiga picha walijazana mlango wa kanisa kuona machozi ya mwanamke wa shati. Akatoka macho makavu. Akapanda gari. Gazeti likaandika «Uso wa jiwe». Wanawake wakaandika barua kwamba walilia naye sinema nzima, kumbe moyo hana. Mwaka uliofuata hakuna aliyempa kazi. Mume naye akaondoka.

Nimeitazama picha ile muda mrefu. Padri akauliza kama naumwa. Uso ule ninao nyumbani, kwenye kioo cha Wilondja cha kunyolea ndevu.

Sasa yuko wapi? Padri hajui. Gazeti lilikwisha hapo.

Jumapili, 17 Mei. Pentekoste

Ukumbi ulijaa hadi nje. Nikasema sinema. Kofia mara mbili. Watu wakacheka pale pale.

Mahali pa shati Padri alizima sauti. Nikavuta pumzi. Moja, mbili, tatu. Mkono. Nikaachia. Sikuwahi kulia hivyo hata kwenye mazoezi. Ukumbi wote ulishika kilio, hata wanaume, hata Yona. Maji yalinitiririka mpaka shingoni na mikro ya kusemea ikalowa.

Taa ilipowashwa nikamwona Mama Nyasa amesimama nyuma kabisa, ukutani. Kando yake Asukulu. Walikuja kwa sikukuu. Hawakuniambia.

Asukulu alinipita mlangoni. Alisema polepole, watu wasisikie. «Kwa ule muzungu wa kwenye nguo, machozi iko. Kwa ndugu yangu, hapana.» Mama Nyasa aliniangalia kooni, si machoni. Wakaondoka.

Jumatatu, 18 Mei

Nimefundisha. Nimepika. Mikono yangu iko baridi tangu jana, na jua ni kali.

Jumatano, 20 Mei

Mama muuza unga wa Lubondja ameniletea ujumbe sokoni, mbele ya wateja wake wote. Niwepo Lubondja tarehe 6 Juni, siku ya kuondoa matanga, na mtoto, na nguo zake zote.

Makosa ni mawili. La kwanza, sikumlilia mume. La pili ni zito kuliko la kwanza. Kwao mjane mwenye kitambaa cheusi halii maiti ya mwingine kabla matanga yake hayajaondolewa. Kilio chote ni cha mume, ukikigawa umemwibia. Nami nimemlilia mtu wa mbali, mwanaume wa kwenye nguo asiye na kaburi wala ukoo, tena kwa mikro, Baraka yote ikasikia.

Sikufikiri hilo. Kweli sikufikiri. Nilidhani kilio cha kazi si kilio.

Nguo zake zote, wamesema. Nina hofu. Nimeiandika ili nione kama ni kweli. Ni kweli.

Jumamosi, 23 Mei

Nimemweleza Padri. Ameshika kichwa. Akasema mambo haya ni rahisi, tuwaambie ukweli, kwamba machozi ya sinema si machozi. Hata Nella mwenyewe hakulia. Nikauliza vipi. Akasema uso ni wa Nella, sauti si yake. Alikuwa na lafudhi ya bandari, ya wapasua samaki, watu wa mjini wangemcheka. Kwa hiyo katika sinema zote saba aliambiwa afungue tu kinywa. Baadaye mwanamke mwingine alikaa ndani ya chumba cha giza huko Roma, akitazama picha, akasema maneno yote. Na machozi yalikuwa dawa ya kudondoshea machoni.

Alifikiri kwamba ananifariji.

Nimeuliza jina la mwanamke wa chumba cha giza. Hajui. Haliandikwi popote. Atamwuliza dada yake.

Jina si lake, sauti si yake, machozi si yake. Na watu walilia. Walilia kweli. Niliwaona.

Jumamosi, 30 Mei

Padri ameandika barua nimpelekee Asukulu. Kiswahili chake ni cha vitabu, ila kinaeleweka. Inasema mjane huyu hakumlilia mtu yeyote, alifanya kazi ya misheni, kilio kile kilikuwa mchezo tu, moyo wake haukuwamo.

Nimeisoma mara nne. Inanitoa kwenye kosa la pili na kunizamisha kwenye la kwanza. Moyo wake haukuwamo. Watasema sawasawa, hilo ndilo tunalosema tangu mwaka jana, asante Padri.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza ananiambia nikimbie na mtoto, nivuke Ubwari, kisha ng'ambo ya ziwa. Kukimbilia kwa nani? Nimemwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Ijumaa, 5 Juni

Lubondja. Tumekuja juu ya kamio la mihogo. Anjelina ameimba njia nzima, vumbi mdomoni. Anajua tunakwenda kumsalimu bibi yake. Nguo zake zote ziko kwenye kikapu na hakuuliza kwa nini.

Mama Nyasa ametupokea. Amempa mtoto karanga mbichi. Mimi amenipa maji. Barua ya Padri ninayo ndani ya kitambaa, kiunoni.

Jumamosi, 6 Juni

Naandika kabla ya giza, nyuma ya jiko la Mama Nyasa.

Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mimi katikati, chini. Anjelina alipelekwa kwa jirani. Asukulu alisema yote mawili, bila matusi, lazima niseme hivyo. Alimpenda ndugu yake. Akamaliza hivi: «Mutoto wa Wilondja hawezi kukomea ku mukono ya muntu mwenye hakumuliliaka. Abakie hapa.» Wazee wakaitikia. Baba mdogo wa marehemu, mkubwa wao wote, akaniuliza kama nina neno.

Nilishika barua. Niliigusa. Nikaiacha palepale.

Nilitaka kusema kwamba nilimpenda. Maneno yale yalikuwa kweli, na nilijua yatatoka kinywani kama hesabu za kutoa.

Hapo Mama Nyasa akasema kwenye mkeka wake. «Mungoje kwanza. Mumuache alie hapa. Tusikie.»

Wanawake wote walinigeukia.

Nikavuta pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Mkono mdomoni. Nikaachia sauti ya yule mwanamke wa Roma, kutoka chini, taratibu, nikaipandisha, na juu ya sauti ile nikaweka jina. Wilondja. Ikakatika mahali pake. Maji yakaja. Nikaanza tena.

Mara ya pili wanawake waliishika. Mara ya tatu Asukulu aliinama, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Nilimwona vizuri. Niliona pia kwamba kifungo cha shati lake kimekatika. Nilikuwa naona kila kitu.

Baba mdogo akasema, «Inatosha, mwanangu. Inatosha. Mutoto atabakia na mama yake.»

Wakanivua kitambaa cheusi. Wakaniosha kichwa mtoni. Wakanipa kitenge chenye maua ya manjano. Anjelina alirudi, akanishika pindo akasema nimependeza.

Mtoto nimebaki naye. Nasubiri furaha. Labda iko njiani.

Jumapili, 7 Juni

Alfajiri nilikuwa natwanga. Mama Nyasa akaja, akachukua mchi wa pili. Tukatwanga pamoja, zamu kwa zamu. Kisha akasema huku anatwanga, hakuniangalia.

«Ile kilio ya jana iko ya Mama Shati.»

Nikaacha mchi. Akaniambia niendelee, watu watasikia michi imenyamaza.

«Pumzi ya tatu uliikata mbio,» akasema. «Pale Baraka uliivuta muzuri.»

Nilimsubiri aite watu. Hakuita. Aliupepeta unga kidogo, akarudisha kinuni. Nikamwuliza kwa nini basi alisema nilie, kama alijua. Alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka.

«Mi nililia bantu ya hii kijiji yote. Siku baliletaka mutoto wangu, nilifungua kinywa, hakuna kitu ndani. Kavu. Bantu bananiangalia. Njo nikachukua kilio ya mama yangu, ile alikuwa analiaka juu ya baba yetu. Nikaililia siku tatu. Ya kwangu haiyakuja mpaka leo.»

Akaongeza, «We ulikuwa unapika. Nilikuonaka. Nikajua uko sawa na miye.»

Tukamaliza unga. Aliniambia nisimwambie Asukulu, maana yeye amelia kweli, tumwachie. Barua ya Padri nimeitia motoni chini ya sufuria. Imetusaidia kuchemsha maji.

Jumanne, 9 Juni

Baraka. Darasani. Wasichana wamesifu kitenge. Sasa tunafanya hesabu za kuzidisha.

Jumamosi, 20 Juni

Upepo wa kiangazi. Ziwa limechafuka tangu juzi.

Filamu ya shati imepelekwa misheni nyingine. Yona atasema inayofuata, ni ya watakatifu, wanawake ni wachache. Dada yake Padri amejibu. Ameuliza watu, hakuna ajuaye jina la mwanamke wa chumba cha giza. Kuhusu Nella, amesikia tu kwamba amerudi mji wa bandari, anakaa na shangazi. Padri alinipa pole, kana kwamba ni ndugu yangu. Nimeipokea.

Mchana tulianika ndagala ufukweni, mimi na Anjelina. Yeye anatandaza, mimi nafukuza kunguru. Aliniuliza baba yake alikuwa anaongeaje. Si maneno, sauti. Akasema, «Unisemee kama yeye, mama. We unajua kusema kama bantu.»

Nikaweka fimbo chini. Nikafungua kinywa.

Ya yule mwanamke wa Roma ninayo. Ya Yona naiweza, na ya Padri, na ya Mama Nyasa pia, nikitaka. Nilingoja. Nilijaribu kuanza na jina la mtoto, jinsi Wilondja alivyokuwa anamwita kutoka njiani akirudi.

Yake haikuja.

Nilimwambia baba yake alikuwa anaongea polepole. Sina hakika. Akasema, «Haya,» akarudi kwenye ndagala, akawa anazigeuza moja moja.